Tulipu za Mwakingali

Jumapili moja mgeni aliingia kwetu Mwakingali, akapita viti vyote, akainama juu ya meza na kunusa tulipu. Alivuta pumzi ndefu, macho kayafumba. Halafu akainuka akicheka. "Kumbe ni uzi! Na vile zinakaa za ukweli!"

Mama mdogo alitabasamu kama mtu ambaye M-Pesa imeingia. Kwake hakuna sifa inayopita hiyo. Mfereji wetu ulikuwa haujatoa tone tangu Alhamisi, nje jua la Voi lilikuwa linakaanga mabati, na pale mezani kulikuwa na tulipu saba nyekundu zimesimama kwenye jagi la kioo lisilo na maji, fresh kabisa, kama zimekatwa asubuhi ile.

Mimi nilikuwa kwenye kona na kompyuta yangu, na neno lile likanikwama. Za ukweli kivipi? Mgeni hajawahi kuona tulipu. Mama mdogo hajawahi. Mimi pia sijawahi. Watu watatu tulikuwa tumekubaliana kwamba kitu kinafanana sana na kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona.

Basi haya ni mapitio ya tulipu hizo. Tunapitia vitabu, tunapitia albamu, tunapitia hadi matangazo ya biskuti. Maua ya krosheti yamejaa kwenye meza za sebule, kwenye kaunta za saluni, na kwenye status za WhatsApp za nusu ya watu ninaowajua, lakini hakuna anayeyaandikia. Tunasema "wow", tunauliza bei, tunapita.

Kabla sijaendelea, niseme wazi: maslahi ninayo. Tulipu hizi zinanilisha. Niliacha chuo Nairobi nikiwa mwaka wa tatu, karo iliponishinda, nikarudi Voi na begi moja, na Mama mdogo akanipa kitanda bila kuniuliza maswali. Kodi ya nyumba hiyo hutoka kwenye uzi. Shina moja ni shilingi 250. Februari na Mei, wakati wa Valentine na Siku ya Mama, halali. Msimu wa mahafali ndio noma zaidi. Mwaka ambao wenzangu walivaa joho, mimi nilikuwa hapo nje ya lango na katoni, nikigawa mashada kumi na moja ya tulipu kwa watu waliokuwa wameagiza. Mmoja alinitambua. Tukapiga picha pamoja, yeye na joho, mimi na katoni.

Kwa hivyo nikizikosoa tulipu, sizikosoi nikiwa nimekaa pembeni.

Tuanze na ufundi. Tulipu ya Mama mdogo inaanza na kitanzi kimoja chenye mishono sita. Mzunguko wa pili anaongeza, wa tatu anaongeza, halafu anaacha kuongeza, na hapo ndipo kitambaa kinapokosa mahali pa kupanukia na kuanza kupanda juu kama kikombe. Anakijaza pamba, anaubana mdomo na kuushona mahali kadhaa, na ghafla una petali. Shina ni waya uliozungushiwa uzi wa kijani. Majani ni marefu, na pembeni mwake amepitisha waya mwembamba ili yapinde yanavyotakiwa. Mishono imekazwa, huoni pamba ikichungulia. Kiufundi sina neno. Nimeona nyingine mitandaoni zimelegea kama soksi, za kwetu hazijalegea.

Shida inaanza ukitaka kulifungua ua. Halifunguki. Tulipu halisi ina petali sita, na ndani yake stameni sita zimezunguka nguzo ya katikati, na jua likipanda hufunguka, usiku hujifunga. Hayo nimeyasoma. Ya Mama mdogo imeshonwa mdomo. Ndani ni pamba. Imekaa katika dakika moja tu ya maisha yake, ile dakika inayopendeza kwenye picha, na zote saba zimekaa katika dakika hiyohiyo. Hakuna iliyochelewa, hakuna iliyoanza kuchoka, hakuna iliyoinamisha kichwa. Ni ua moja lililotengenezwa mara saba.

Nilipomwambia hivyo, Mama mdogo hakukasirika. Alinionyesha video. Mikono ya mtu asiyeonyesha uso, kucha zimepakwa rangi ya maziwa, meza nyeupe, muziki wa polepole. "Si nimefuata vile wanasema?" Alikuwa amefuata kila kitu. Alikuwa ameiga video bila kosa hata moja. Kama kuna uhalisia hapo, basi ni uhalisia wa video.

Na video hizo huwa zinazungumzia maua ya majira ya kuchipua. Tulipu, dafodili, hayasinthi. Yanapendwa huko yanakotoka kwa sababu yanakuja baada ya miezi ya baridi na giza. Kitunguu cha tulipu lazima kikae kwenye baridi wiki kadhaa ndipo kichanue vizuri, na kwa hivyo hakiwezi kamwe kujichanulia chenyewe kwenye ardhi ya Voi, ambako hata usiku feni haizimwi. Hata Uholanzi tulipu ni mgeni. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, ikapitia Uturuki, ikafika Ulaya katika karne ya 16. Siku hizi ndege zinabeba mawaridi halisi ya Naivasha kwenda Uholanzi, nasi hapa tunafuma ua la Uholanzi kwa uzi wa akriliki. Ukiniambia hiyo si riwaya, sijui riwaya ni nini.

Riwaya ipo, kwa kweli. Mwaka 1990 Jamaica Kincaid, mzaliwa wa Antigua, alitoa kitabu kifupi kiitwacho Lucy. Msichana kutoka visiwa vya Karibi anakwenda kufanya kazi ya kulea watoto Marekani. Utotoni shuleni alilazimishwa kukariri shairi la Wordsworth kuhusu dafodili, ua ambalo hakuwa amewahi kuliona. Mwajiri wake anapompeleka kwa furaha kuyaona yakiwa yamechanua, Lucy anatamani mundu ayafyeke yote. Nilikisoma chuoni nikashangilia. Nilikuwa na hasira za kukopa wakati huo. Nikiwa nimerudi Voi, nikimtazama Mama mdogo akifuma dafodili ya tatu chini ya balbu, nilitafuta hasira ile nikaikosa. Lucy alilazimishwa ua. Mama mdogo ameliwekea bei.

Tena mimi ni nani wa kumcheka? Acha nitoe siri ambayo vijana wengi wenye kompyuta wanaijua. Tangu niache chuo nimeishi pia kwa kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Maagizo huja usiku, unapewa mada na saa, unaandika, jina linawekwa la mwingine. Nimewahi kuandika kurasa nane kuhusu maua ya majira ya kuchipua katika ushairi wa Kiingereza. Nilieleza mwanga, umande, harufu ya ardhi inayoamka baada ya theluji. Nilipata maoni kwamba insha ina "hisia za kweli". Mishono ilikazwa, pamba haikuonekana. Nilikuwa nimeshona tulipu.

Kwa hivyo swali la za ukweli kivipi sikuliuliza kwa ajili ya Mama mdogo peke yake.

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa lile rahisi, la kizalendo. Tuache maua yao, tufume yetu. Na Taita tunalo la kujivunia. Juu ya kilima cha Mbololo, kwenye msitu wa ukungu, huota Saintpaulia ambayo haioti kiasili popote pengine duniani. Ni mmea mdogo wa majani yenye manyoya, unaokaa kwenye mawe yenye kivuli, maua yake ni zambarau na katikati kuna vitone vya njano. Jina la Saintpaulia limetokana na ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyeuona mmea wa jamii hiyo Usambara mwaka 1892 na kupeleka mbegu kwao. Mwaka uliofuata ukapewa jina la kisayansi, na leo vizazi vya mimea hiyo vimejaa kwenye vijungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Ndugu zake waliobaki milimani wako hatarini kwa sababu misitu inaisha. Fikiria: wao wana ua la milima yetu likiwa hai dirishani, sisi tuna la kwao la uzi mezani.

Niliona nimepata hoja. Nikatafuta picha kwenye simu, nikampa Mama mdogo, nikamwambia hili ndilo ua letu. Alilifuma kwa jioni mbili. Petali tano, vitone vya njano, hata manyoya ya majani aliyatoa kwa kuuchana uzi kwa brashi. Kazi safi. Nikaliweka kando ya tulipu, nikasubiri kusikia kitu moyoni.

Sikusikia kitu. Lilikuwa limekufa vilevile. Wongonyi ninaweza kufika kwa boda, lakini sijawahi kupanda hadi msituni, na Mama mdogo pia hajawahi. Tulikuwa tumebadilisha picha tu. Kuzaliwa karibu na ua hakukupi macho ya kuliona. Na tukianza kukagua vitambulisho vya maua, bogenvilia iliyofunika nusu ya ua za Voi ilitoka Amerika Kusini, tutaing'oa?

Pwani wamekuwa na maua nyumbani miaka mingi bila kuyafuma. Asumini na vilua huvaliwa nywelini au hufungwa kikuba pamoja na mrehani, na kazi yake ni harufu. Linalonukia usiku huu kesho ni takataka, na hakuna anayelalamika. Pengine ndiyo maana mgeni wetu aliinama akanusa. Pua yake ilikuwa imelelewa vizuri. Lakini krosheti haiwezi kumjibu pua, kwa hivyo lazima imlipe macho, na macho hayalipwi na petali saba zilizo sawa.

Kilichobadilisha mambo kilikuja na vuli. Huku kwetu kuna masika na kuna vuli, na watu wa nyanda za chini wanaiamini vuli zaidi. Mvua ikinyesha Novemba, Tsavo inayokuwa nyekundu na kijivu inageuka kijani kwa siku chache, na kando ya barabara na kwenye nyua hutambaa mmea wa maua meupe, koo lake zambarau, ukoo mmoja na kiazi kitamu. Ni wa jamii ya Ipomoea. Hakuna anayeuita ua. Unaitwa magugu, kama unaitwa. Asubuhi maua yake yamefunguka kama tarumbeta. Saa sita yamejikunja kama karatasi iliyolowa.

Nilimwambia Mama mdogo afume lile. Akaniangalia. "Mwanangu, nani atanunua magugu?"

"Hakuna. Nifumie mimi."

Kesho yake alilikata moja akaliweka kwenye kikombe cha maji ili afanye kazi baada ya chai. Alipomaliza chai na vyombo, ua lilikuwa limefunga. Akasonya. Siku ya pili alitoka na kiti chake cha plastiki, akaketi kando ya ua saa kumi na mbili asubuhi, uzi mapajani. Majirani walidhani kuna msiba. Siku ya tatu akaenda tena. Siku ya nne nikaenda naye, nikakaa chini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona akifuma bila simu.

Alianza kuniambia vitu. Kwamba lile ua halina petali, ni kipande kimoja, kama sketi. Kwamba lina mistari mitano kutoka kooni hadi ukingoni, na inapojifunga inajikunja kwa kufuata mistari hiyo. Kwamba ukingo ni mpana kuliko koo kwa namna ambayo kitambaa kinalazimika kutetemeka. Hilo la mwisho lina hisabati yake. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia krosheti kuonyesha maumbo ambayo karatasi inashindwa kuyaonyesha vizuri: ukiongeza mishono kwa kiwango kilekile kila mzunguko, kitambaa hakiwezi kulala bapa tena, kinajikunja mawimbi. Kutoka hapo dada wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianzisha mwaka 2005 kazi ya kufuma miamba ya matumbawe kwa krosheti. Mama mdogo hajasikia habari za hao watu. Alifika palepale kwa kuhesabu mishono na kutukana kidogo.

Alifumua mara tatu. Akriliki ilikuwa nene, ua likawa kama kofia. Akaitupa, akachukua uzi mwembamba wa pamba, ule wa vitambaa vya makochi, ambao mama zetu wengi walianza kuushika shuleni enzi za sayansi kimu. Akaondoa waya ukingoni ili ua liwe na uhuru wa kulegea. Pamba ya kujaza hakuna. Mwishowe kulikuwa na kikonyo kimoja chenye vitu vitatu: chipukizi lililosokotwa kama mwavuli, ua lililofunguka, na ua la saa sita lililojikunja, ukingo wake ameupitishia uzi wa rangi ya chai iliyopoa. Asubuhi nzima ya Voi kwenye kikonyo kimoja.

Hapa ndipo ninapotaka kuusimamisha ukosoaji wangu. Ile kazi ina makosa ambayo tulipu hazina. Mistari mitano haijalingana. Kikonyo ni kinene. Mtu akilitazama kwenye picha atasema ni zuri kiasi. Lakini kila kosa lake ni la mtu aliyekuwa akitazama kitu, na ua likamtangulia kufunga. Tulipu haikumkimbiza hata siku moja.

Nisije nikageuka mhubiri. Dunia ya maua ya krosheti ina historia ya njaa ndani yake. Viazi vilipooza Ireland katikati ya miaka ya 1840 na watu wakafa kwa mamia ya maelfu, watawa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi ya krosheti yenye mawaridi yaliyoinuka, na mawaridi hayo yakauzwa kwa matajiri, familia zikala. Sidhani kuna aliyewauliza kama waridi limetazamwa vizuri. Mtu akifuma ua ili sufuria ipande jikoni, ua limeshafanya kazi. Tulipu za Mwakingali zimefanya kazi hiyo, na zimenipa mimi kitanda. Ukosoaji unaosahau sufuria ni ukosoaji wa aliyeshiba.

Na kuna jambo lingine tulipu zinalijua kuhusu Voi ambalo nililipuuza. Haziombi maji. Ukame wa 2022 tuliupitia tukiwa na mitungi, na bustani ikijaribu kuota, ndovu ana njia zake. Mtu anayeagiza tulipu ya uzi anataka kitu kimoja nyumbani ambacho hakitamfia. Siwezi kumlaumu. Ninachosema ni kwamba lile la kando ya barabara, ambalo linakufa kila siku saa sita, ndilo pekee katika nyumba yetu linalonifanya nisimame.

Mtoto wa jirani ndiye aliyelipitia vizuri kunishinda. Alikuja kuchukua deni la mayai, akaliona kikonyoni, akasogea. Hakunusa. Hakuuliza kama ni la ukweli. Alinyoosha kidole kwa lile lililofunguka, akauliza, "Na hili linafunga saa ngapi?"

Halijanunuliwa. Tulipu thelathini zimeagizwa za harusi, na nitazipeleka mimi, na kisha nitamalizia insha ya mtu kwa sababu kodi ni kodi. Lakini juzi Mama mdogo alirudi kutoka sokoni na kutua mzigo, akaniambia kuna ua la njano ameliona kwenye uzio karibu na reli ya zamani, dogo, hajui ni la nini. Nikachukua simu nimtafutie.

"Weka hiyo simu chini," akasema. "Kesho nitaenda mapema."